Filamu Iliyomfanya Mkweli Kuwa Mwongo

Umoja wa vijana wa usharika wetu huonyesha filamu ukumbini jioni ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, kama umeme upo. Kazi ya kuikagua filamu kabla haijaonyeshwa nimeachiwa mimi, ili wazee wa kanisa wakiuliza kilichoonyeshwa pawepo mtu wa kujibu. Mara moja vijana walichagua The Imitation Game, filamu ya mwaka 2014 inayosimulia maisha ya Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa waliofumbua maandishi ya siri ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Niliitazama, nikaipenda, nikairuhusu. Jumapili iliyofuata nikaipandisha mimbarini.

Somo lilikuwa lile la jiwe lililokataliwa na waashi. Nikawasimulia washarika habari za kijana mpweke asiyependwa na wenzake, ambaye mkuu wake wa kazi, Kamanda Alastair Denniston, mwanajeshi mwenye kiburi, alitaka kumfukuza na kuizima mashine yake. Nikasema kijana yule alimwandikia Waziri Mkuu Churchill peke yake, akapewa madaraka, na mashine ile ikaokoa mamilioni. Katika mahubiri yangu Denniston alikuwa ndiye waashi. Kanisa likaitikia amina, nami nikashuka nikiwa nimeridhika.

Mlangoni, tukiwa tunapeana mikono, akafika mzee mmoja aliyefundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi.

"Baba Mchungaji, tumeshiba leo. Huyo Denniston ana watoto?"

"Sijui, Mwalimu."

"Kama anao, na leo wangekuwa wamekaa benchi la tatu pale, ungewaambia nini?"

Nilicheka kidogo, kama tunavyofanya wachungaji tukikosa jibu. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani. Nikatafuta kitabu cha Andrew Hodges kilichochapishwa mwaka 1983, ambacho filamu yenyewe inasema imetokana nacho, pamoja na maandiko mengine juu ya kazi iliyofanyika Bletchley Park. Ni kitabu kinene, kilinichukua Kwaresima nzima. Ninayoandika hapa ni niliyoyaona nilipoirudia filamu baada ya kusoma.

Nianze na haki yake. Imetengenezwa kwa ustadi. Benedict Cumberbatch anamwigiza Turing kwa namna ambayo huwezi kuondoa macho, na mwongozaji, Morten Tyldum, anajua kukuweka ukingoni mwa kiti hata pale ambapo watu wanaandika namba tu. Kwangu sehemu bora ni ya shuleni. Turing akiwa mvulana anaitwa ofisini kwa mkuu wa shule na kuambiwa kwamba rafiki yake Christopher Morcom amefariki kwa kifua kikuu. Kijana anayeiigiza, Alex Lawther, anakana kwamba walikuwa marafiki wa karibu, huku uso wake ukipambana usibomoke. Nimepeleka habari za msiba kwenye nyumba nyingi, na uso ule nimeuona. Mwandishi wa mchezo huo, Graham Moore, alipewa tuzo ya Oscar mwaka 2015, na kama ingekuwa ni kwa sehemu ile peke yake nisingekuwa na neno.

Neno ninalo kuhusu Denniston. Mtu tunayemwona kwenye filamu anamchukia Turing tangu usaili wa kwanza, na baadaye anaingia na askari, anaagiza mashine izimwe na mwenyewe afukuzwe kazi. Hakuna lolote kati ya hayo lililotokea. Denniston ndiye aliyeiongoza idara ile ya maandishi ya siri tangu ilipoundwa mwaka 1919. Kabla vita havijaanza alikwishaona kwamba wasomi wa lugha hawatatosha, akaanza kuwatafuta watu wa vyuo vikuu, na Turing alikuwa miongoni mwa walioandaliwa mapema hata akaripoti Bletchley tarehe 4 Septemba 1939, siku moja tu baada ya Uingereza kutangaza vita. Kwa hiyo huyu niliyemwita mwashi aliyelikataa jiwe ndiye aliyetoka kwenda kulitafuta.

Na Mwalimu alikuwa sahihi kuuliza. Denniston alikuwa na watoto. Mwanawe Robin alikuwa mchapishaji wa vitabu, kisha akabarikiwa kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na mwaka 2007 alitoa kitabu juu ya kazi za siri za baba yake. Alifariki mwaka 2012, kabla ya filamu kutoka. Jamaa waliobaki walilalamika hadharani walipoiona. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimesimama mimbarini, nimevaa joho, nikamsingizia baba wa mtumishi mwenzangu, na kanisa zima likasema amina.

Sisi Walutheri tunaijua amri ya nane tangu darasa la kipaimara (wenzetu wa madhehebu mengine huihesabu kuwa ya tisa). Luther katika Katekisimu Ndogo haishii kwenye kukataza uongo mahakamani. Anadai zaidi: tumtetee jirani, tumnenee mema, na mambo yake tuyafasiri kwa upande ulio mwema. Wanafunzi wangu wa kipaimara hukariri maelezo hayo bila kukosea, na kwa kawaida tunafikiria jirani wa ng'ambo ya uzio, yule anayesengenywa kisimani. Sikuwahi kufikiri kwamba jirani anaweza kuwa mzee aliyekufa mwaka 1961 katika nchi nisiyowahi kuikanyaga. Lakini marehemu ndiye jirani asiyeweza kabisa kujitetea.

Watengenezaji wa filamu watasema, na nimewasikia vijana wetu wakisema hivyo hivyo, kwamba hadithi lazima iwe na adui, na saa mbili haziwezi kubeba kila kitu. Nakubali kuhusu saa mbili. Sina ugomvi nao kwa kumweka Turing na mashine moja chumbani, wakati zilitengenezwa nyingi na ya kwanza haikuitwa Christopher, iliitwa Victory. Kufupisha si dhambi; hata sisi tunafupisha kila Jumapili. Ila mtu halisi mwenye jina lake na wajukuu wake hafai kugeuzwa mbuzi wa Azazeli kwa sababu hadithi inahitaji mbuzi. Mpelelezi wa polisi katika filamu ile, Nock, ni mtu wa kubuni. Walishindwa nini kubuni na mkuu wa kazi?

Upweke wa Turing nao umetiwa chumvi, na kwa kuutia chumvi wamewafuta wengine. Waliokuwa wa kwanza kuivunja Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia siri, walikuwa wanahisabati wa Poland: Marian Rejewski aliifungua mwaka 1932, akafanya kazi na Jerzy Różycki na Henryk Zygalski. Julai 1939, wiki chache kabla nchi yao haijavamiwa, Wapoland waliwaita Waingereza na Wafaransa katika msitu wa Pyry karibu na Warsaw na kuwapa yote waliyoyajua. Aliyesafiri kwenda kupokea zawadi ile kwa niaba ya Uingereza, pamoja na mtaalamu wake Dilly Knox, alikuwa Denniston huyo huyo. Gordon Welchman, aliyebuni ubao ulioiongezea mashine ya Turing nguvu kubwa, haonekani kabisa. Barua kwa Churchill ya Oktoba 1941 haikuwa ya mtu mmoja. Ilitiwa sahihi na wanne, Turing, Welchman, Hugh Alexander na Stuart Milner-Barry, na huyo wa mwisho ndiye aliyeipeleka mwenyewe London. Alexander, ambaye filamu inamwonyesha akigombana na Turing, jina lake limo kwenye barua chini ya ombi lile lile. Mwanzoni mwa 1945 watu waliofanya kazi Bletchley walikuwa karibu 9,000, na wengi wao walikuwa wanawake.

Hata pwani yetu imo. Mwaka 1942 tawi la kazi hiyo lililofuatilia maandishi ya Wajapani lilihamishiwa Kilindini, Mombasa, likawekwa katika shule ya Allidina Visram. Siwadai watengenezaji wa filamu waje Mombasa. Nawaambia tu vijana wetu wanaodhani mambo haya yalifanywa na mtu mmoja kwenye kibanda kimoja.

Ila kati ya waliofutwa wapo wawili wanaonisumbua zaidi. Kuanzia Februari 1942 Wajerumani walibadili mashine ya nyambizi zao za Atlantiki, na Bletchley ikawa kama kipofu kwa miezi kumi. Tarehe 30 Oktoba mwaka ule meli ya kivita ya Uingereza, Petard, iliipiga nyambizi U-559 mashariki mwa Bahari ya Kati. Nyambizi ikiwa inazama, Luteni Tony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea hadi kwake, wakashuka ndani gizani, wakawa wanatoa vitabu vya siri na kuvipitisha juu. Aliyevipokea ngazini alikuwa Tommy Brown, kijana wa kantini mwenye miaka 16, aliyedanganya umri wake ili apate kazi melini. Nyambizi ikazama ghafla. Brown akaokoka, Fasson na Grazier wakaenda nayo chini. Vitabu vile viliwezesha Bletchley kuona tena mwezi Desemba. Mashine ya Turing ilihitaji kitu cha kuanzia, na safari hii kililetwa kwa uhai wa watu wawili. Filamu inapotuambia idadi ya watu waliookolewa, majina haya mawili hayatajwi popote.

Badala yake tumepewa kisa cha msafara wa meli. Mara tu siri inapofumbuka, vijana watano au sita wanagundua kwamba nyambizi zinakaribia kuushambulia msafara, na Turing anawaambia wasitoe taarifa, Wajerumani wasije wakashtuka. Mmoja wao, Peter Hilton, ana kaka yake kwenye meli mojawapo, analia na kuomba. Ukumbini kwetu hapo palikuwa kimya hata ungesikia mbu. Na swali lenyewe ni zito: nani ana haki ya kuamua wafe hawa ili waishi wale? Lakini Peter Hilton wa kweli alifika Bletchley Januari 1942, na kisa cha kaka yake kimetungwa. Uamuzi wa namna ya kutumia habari zilizofumbuliwa ulikuwa wa wakuu wa majeshi, si wa wanahisabati chumbani. Sehemu inayotutoa machozi zaidi imemtwika Turing hukumu ya uhai na kifo ambayo hakuibeba.

Bado sijafika kwenye baya kuliko yote, ambalo limenifanya niandike.

Katika filamu, Turing anagundua kwamba mwenzake, John Cairncross, ni jasusi wa Warusi. Cairncross anamtisha: ukinitaja, nami nitataja siri yako, kwamba unavutwa na wanaume. Turing ananyamaza. Ni kweli Cairncross alikuwa jasusi, na alifanya kazi Bletchley kwa muda. Lakini hakuwa katika kikundi cha Turing, na tishio lile halikuwahi kutokea. Yaani filamu iliyotengenezwa ili kumrudishia heshima mtu aliyeonewa, imempa kosa ambalo hata waliomwonea hawakumshtaki nalo: kwamba kwa hofu ya kufichuliwa aliificha hiana dhidi ya nchi yake.

Tumtazame basi Turing aliyeishi. Mwaka 1941 alimchumbia Joan Clarke, mwanahisabati mwenzake. Siku chache baadaye akamweleza hali yake, bila kulazimishwa na mtu. Joan hakuvunja uchumba siku ile. Ni Turing aliyeuvunja baadaye mwaka huo huo, baada ya kufikiri. Katika filamu, Turing anamficha Joan muda mrefu, na anapomwambia anaongeza uongo kwamba hakuwahi kumjali. Kisha Januari 1952 nyumba yake iliibiwa, naye akaenda mwenyewe polisi kutoa taarifa. Walipomuuliza juu ya kijana aliyehusika, alisema yote, akaandika maelezo marefu yaliyotosha kumtia hatiani mwenyewe. Mara mbili, basi, siri ilimgharimu, na mara zote mbili alichagua kusema kweli. Huyo ndiye waliyemfanya mtu wa kufunga mdomo ili jasusi apite.

Najua wapo washarika watakaouliza mchungaji anasemaje kuhusu kosa aliloshtakiwa. Kanisa letu lina mafundisho yake kuhusu ndoa, na sikukaa chini leo kuyajadili. Ninachosema ni hiki. Mahakama ilimpa achague jela au sindano za homoni za kuua hamu ya mwili, akachagua sindano, akachomwa kwa muda wa mwaka mmoja. Serikali iliyomtumia vitani ndiyo iliyofanya hivyo. Mtu anayeweza kusoma hayo bila kutikisika, sidhani kwamba kinachomzuia ni utakatifu. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa Malkia ulitolewa Desemba 2013, miaka 59 baada ya Turing kufa. Tena amri ya nane haina kipengele kinachosema kwamba mtu tusiyekubaliana naye tunaweza kumsingizia.

Kuna jambo jingine filamu imelipita ambalo wasomaji wa kitabu hiki wangelipenda. Baada ya Christopher kufa mwaka 1930, Turing aliendelea kuandikiana na mama yake Christopher, akawatembelea nyumbani kwao, na katika miaka ile ya mwanzo ya 1930 akamwandikia mama huyo insha fupi kuhusu roho na mwili, kijana akijaribu kwa hesabu na sayansi aliyoijua kuona kama rafiki yake bado yupo mahali. Baadaye alikuwa mtu asiyeamini. Hata hivyo jina la filamu limetoka katika makala yake ya mwaka 1950, ambamo anauliza kama mashine inaweza kufikiri, na humo humo anajibu pingamizi la kiteolojia: kwamba kufikiri ni kazi ya roho isiyokufa, ambayo Mungu amempa mwanadamu na si mashine. Anajibu, kwa utani kidogo, kwamba tusimwekee Mungu mipaka. Tukitengeneza mashine hatutwai mamlaka yake ya kuumba roho, kama vile wazazi hawaitwai wanapopata watoto. Tunaandaa makao tu. Mimi sikubaliani na jibu hilo, nalo lilinikosesha usingizi wiki nzima. Filamu, badala ya mtu anayebishana na wanateolojia, imetupa mtu anayeilalamikia mashine kana kwamba ni Christopher aliyefufuka.

Wala hakuwa mkavu asiyeelewa utani. Wenzake walimwita "Prof". Alifunga kikombe chake cha chai kwa mnyororo kisiibiwe, na msimu wa chavua aliendesha baiskeli akiwa amevaa kinyago cha gesi kujikinga na mafua. Kituko, ndiyo, lakini kituko kilichopendwa.

Jumapili moja baada ya Pasaka, kabla ya matangazo, niliomba dakika tano. Nikawaambia washarika kwamba mahubiri yale yalikuwa na ushahidi wa uongo juu ya mtu aitwaye Alastair Denniston, nikaeleza alichofanya kweli, nikaomba radhi. Wengine walionekana kushangaa mchungaji anahangaika na nini. Mwenyekiti wa vijana aliuliza kama filamu sasa imepigwa marufuku. Nikasema hapana, muitazame tena, ila safari hii tutawasha taa mwishoni na kuyasoma majina ya walioachwa, Fasson na Grazier kwanza.

Mlangoni Mwalimu alinishika mkono, hakusema lolote kuhusu Denniston. Mke wake, aliyekuwa nyuma yake, ndiye aliyeuliza.

"Na yule binti, Baba Mchungaji? Joan?"

Nikamwambia aliendelea na kazi za siri serikalini, akaolewa mwaka 1952 na afisa mstaafu wa jeshi, akawa mtaalamu wa sarafu za kale za Scotland, akafariki mwaka 1996.

"Basi nashukuru," akasema. "Kwenye filamu walimwacha analia."